Gelasius na Mama wa Mishumaa

Gelasius Otmar hakuwahi kutazama picha akiwa ameketi. Waliomjua Shinyanga mjini miaka ile ya sabini watakwambia hivyo kabla hawajakwambia kabila lake wala kazi yake. Alinunua tiketi ya kiti kama muungwana mwingine yeyote, kisha akaenda kusimama nyuma kabisa, mgongo ukutani, mguu mmoja ukikanyaga mwingine, akihamahama saa mbili nzima kama mtu anayesubiri kuitwa na mganga. Ukimwambia, "Kaa bwana, unatuzibia hewa," alisogea hatua mbili, halafu akarudi palepale.

Tabia hiyo alizaliwa nayo. Baba yake, katekista Otmar wa upande wa Ushirombo, alimpeleka seminari ndogo akiamini amepata padri wa ukoo. Kichwani kijana alikuwa sawa. Kilatini kilimwingia upesi kuliko wenzake wote, na hata walimu walimsifu. Shida ilikuwa miguu. Nusu saa ya tafakari kwenye kanisa lililo kimya ilimtesa kuliko kulima, na mara tatu alikutwa nje anazunguka kanisa badala ya kuwa ndani yake. Mwaka wa nne barua ikaandikwa, akarudishwa nyumbani na sanduku lake. Katekista Otmar hakugomba. Alikaa siku tatu bila kusema naye, na hilo lilimuuma Gelasius kuliko fimbo. Siku ya nne akapanda lori la pamba kwenda Shinyanga, akapata kazi ya kufunga marobota kiwandani. Ilikuwa kazi ya kusimama, ikamfaa.

Jumba la sinema la mjini lilikuwa la mzee Pyarali, aliyekuwa na duka la vitambaa mtaa wa pili. Watu walipenda picha za Kihindi kwa nyimbo, za Kichina kwa ngumi, na za kauboi kwa farasi. Mambo yalikuwa wazi: stelingi unamjua tangu mwanzo, adui unamjua kwa masharubu, na kila mtoto wa Shinyanga alijua kwamba stelingi hafi. Jumapili moja ya mwaka sabini na mbili, kwenye onyesho la saa tisa alasiri, ikaja picha ya Kitaliano ambayo hata Pyarali mwenyewe hakujua ni ya nini. Alikuwa ameagiza ya kauboi.

Dakika ishirini za mwanzo hakupigwa mtu. Mwanamke mmoja alitembea kwenye ujia mrefu wenye mapazia mekundu, akafungua mlango, akafunga, akapanda ngazi, na ngazi zenyewe hazikwisha. Nje mvua ilinyesha, na si mvua ya heri kama tunayoisubiri sisi, bali ile nyembamba ya kuudhi, isiyo na radi wala mwisho. Watu wakaanza kupiga miluzi. "Wimbo uko wapi?" "Mzee Pyarali, turudishie chetu!" Mara nyuma ya pazia ukatokea mkono uliovaa glavu nyeusi. Mkono tu, bila uso. Ukumbi ukanyamaza, na Gelasius, aliyekuwa amelowa jasho la Oktoba, akasikia baridi inampanda kutoka visiginoni.

Aliipenda papo hapo, na sioni sababu ya kumfichia. Wapo waliosema baadaye kwamba mtu aliyetoka seminari akapenda picha za damu ana lake jambo. Waongo hao. Damu ile haikumdanganya hata siku moja: ilikuwa nyekundu mno, kama rangi ya mlango wa duka, na kila alipoiona alitabasamu. Alichokipenda ni kusubiri. Alipenda jicho moja linalojaza ukuta mzima, funguo zinazogongana mahali usipopaona, na sauti za watoto zikiimba polepole wakati ambapo hakuna mtoto nyumbani. Kule seminarini ukimya ulikuwa mtupu, akaukimbia. Huku ukimya ulikuwa na mtu ndani yake. Akaona kwamba huko Ulaya wapo watu wasiotulia kama yeye, na wamekaa wakatengeneza kitu kwa ajili yake.

Na maneno aliyasikia. Mtu kwenye picha alisema *sangue*, Gelasius akakumbuka *sanguis* ya misa. Akasikia *morte*, akasikia *mano*, na kabla hajajizuia akawa anasema kwa sauti, "Anasema damu. Anasema kifo. Anasema kuna mkono ulioshika kitasa." Waliokuwa mbele yake wakageuka. "Na huyu mzee je, anasemaje?" Akawaambia. Jumapili iliyofuata Pyarali alimpa kipaza sauti cha bati, akamwomba asimame chini ya pazia la sinema awaeleze watu. Kwa kuwa pale mbele hapakuwa na kiti, Gelasius alikubali.

Kwa miaka saba alikuwa Padri wa Sinema, ndivyo mji ulivyomwita. Picha za namna ile zilikuwa zinakuja mbili au tatu kwa mwaka, za Kitaliano na za Kihispania, nazo Kilatini chake kilizikamata nusu, nusu nyingine akaifuata kwenye nyuso za watu. Alipokosa neno alibuni, lakini alibuni kwa adabu, kama mtu anayejazia mshono uliofumuka. Habari zilipomfikia katekista Otmar huko Ushirombo, inasemekana alicheka, mara ya kwanza tangu ile barua. Huenda ni uzushi. Gelasius aliushika vilevile, akautunza.

Picha aliyoipenda kupita zote ilifika masika ya mwaka sabini na nne. Ilitakiwa kukaa siku tatu. Mvua ikaikata reli upande wa Tabora, treni zikasimama, na ile picha ikakaa Shinyanga wiki tano. Gelasius aliitazama mara kumi na moja. Ilikuwa habari ya mji mdogo wa mlimani ambako wasichana walikuwa wanauawa mmoja mmoja. Kulikuwa na bikizee mmoja, muuza mishumaa kituo cha treni, hana mume, hana mtoto, anazungumza na paka. Mji mzima ukamnyooshea kidole. Wakamtoa nje wakiwa na fimbo, na mbele yao, ameshika taa kuwaonyesha njia, alikuwa mwenye duka la dawa, mtu mpole, mwenye mikono safi, aliyependwa na wote. Ndiye aliyekuwa muuaji.

Katika zile wiki tano mkewe, Generoza, fundi cherehani, alikwenda mara moja tu. Hakupenda picha hizo. Alisema hofu za nyumbani zinamtosha. Wakiwa njiani kurudi akasema, "Mimi nilijua tangu mapema ni yule wa duka la dawa."

"Umejuaje?" Gelasius aliuliza. Yeye mwenyewe mara ya kwanza alikuwa hajajua.

"Watu wote walikuwa na hasira. Yeye alikuwa na haraka."

Gelasius alisimama katikati ya barabara akamtazama mkewe. "Ndiyo maana nazipenda hizi, Mama Epifania," akasema. Epifania alikuwa binti yao, mwenye miaka miwili wakati ule. "Kwenye za kauboi unaambiwa adui ni yule. Hizi zinakwambia, yule mnayemnyooshea kidole wote siye. Hebu tazama vizuri. Tazama nani ameshika taa." Aliyasema hayo kwa kinywa chake mwenyewe, na Generoza aliyasikia, na hayo ndiyo yaliyokuja kumhukumu.

Baada ya vita vya Uganda picha zikaacha kuja. Zilizokuwepo zilikatikakatika hadi stelingi anapanda ngazi akiwa na shati jeupe anafika juu akiwa na koti. Pyarali akafunga jumba, akaenda kwa wanawe Mwanza, na ndani wakahifadhi mbolea. Kiwandani nako mashine zilisimama miezi na miezi kwa kukosa vipuri. Gelasius akabaki hana marobota wala kipaza sauti. Alizunguka mji, akagombana na majirani kwa mambo ya kuku, akaamka alfajiri na kwenda kulitazama lile jumba kama mtu aliyefiwa. Generoza akachoka. "Nenda kokote miguu yako inakotaka," akamwambia, "mimi nampeleka mtoto Tinde kwa mama, na cherehani yangu." Hawakuachana. Walipeana nafasi, kama wanavyosema waungwana. Mwaka themanini na nne Gelasius akafuata dhahabu upande wa Geita.

Kambi ilikuwa inaitwa Igulumo, mwendo wa saa mbili kutoka barabara kuu, watu mia tatu na vibanda vya nyasi. Shimo la kuchimbia huko linaitwa duara, na kwenye duara Gelasius hakuwa na faida. Kuchimba kunataka mtu wa kuchuchumaa na kuvumilia giza. Yeye alitoka kila baada ya robo saa kunyoosha miguu. Wakampa kazi ya kuvuta ndoo juu. Mwenzake wa kamba alikuwa Januari, kijana mkubwa wa Bukombe aliyekuja na mdogo wake, Donatus. Januari alivuta juu, Donatus alichimba chini, na mchana kutwa ndugu hao walikuwa wanaitana kupitia mdomo wa duara, hata wakiwa hawana la kusemezana.

Jumapili hapakuwa na kazi. Alasiri watu walikusanyika kwenye banda la chai la Mwanaima, mama wa Ujiji aliyekuwa anajua kukaanga maandazi na kunyamazisha walevi. Siku moja mtu akasema Igulumo hakuna hata redio, na Gelasius akasikia miguu inamwasha. Akasimama. "Niwasimulie picha," akasema. Akaanza ile ya mama wa mishumaa, ile aliyoipenda kupita zote.

Alisimulia vizuri. Mji wa mlimani, wasichana, paka, fimbo, taa. Alipofika kwenye mwenye duka la dawa, akashusha sauti, akangoja waruke. Hakuna aliyeruka. Mtu mmoja akapiga miayo.

"Mwenye duka la dawa?" Januari aliuliza. "Sasa huyo anamtisha nani? Sisi hapa angekuja mtu na dawa ya malaria tungembeba mabegani."

Wakacheka, wakaendelea na chai yao. Gelasius aliketi, jambo ambalo si kawaida yake. Miaka saba mji mzima ulimsikiliza. Leo amepigiwa miayo na wavuta ndoo. Nawaambia ukweli: kilichomuuma si ile picha kudharauliwa, ni yeye.

Jumapili ya pili akaisimulia tena, na safari hii akaigeuza. Mwenye duka la dawa akamtoa kabisa. Muuaji akawa yule bikizee wa mishumaa mwenyewe. Na kwa kuwa alijua watu wa Shinyanga na Geita wanaogopa nini, akampa macho mekundu. "Mekundu," akasema, akivuta kope zake chini kwa vidole, "kama makaa. Akipita karibu na msichana asubuhi, jioni msichana hayupo." Banda likanyamaza. Chai ikapoa vikombeni. Mwanaima akaacha kukaanga. Gelasius akaisikia ile baridi ya visigino, akafurahi, akafurahi sana, na Jumapili ya tatu walipoiomba tena aliwapa, akayaongezea yale macho.

Sasa, mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa habari ya macho mekundu, lakini acha niseme. Kule Kishapu na Shinyanga miti iliisha zamani. Mwanamke anapikia mabua ya pamba, na mabua yakiisha anapikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Moshi wake unachoma. Akipika hivyo miaka arobaini, macho yanakuwa mekundu hadi kufa kwake. Kila mtu anajua hilo, ana mama, ana bibi. Na bado likitokea la kutokea, ng'ombe wakifa au mtoto akifa, watu walewale wanaisahau mioshi yote waliyolelewa nayo, wanayatazama macho.

Igulumo alikuwapo mmoja wa namna hiyo. Aliitwa Mbuke, mjane kutoka karibu na Mhunze, Kishapu, aliyetwanga mawe ya dhahabu kwa malipo na kuuza michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, pembeni. Watu walimwita mayu Mbuke, yaani mama. Alikuwa anakuja bandani kusikiliza picha, akikaa kwenye kinu chake alichokipindua, na alicheka mahali ambapo wengine waliogopa. Ile Jumapili ya tatu, watu wakiwa wamenyamaza kwa hofu, yeye ndiye aliyeuliza, "Huyo mama wa mishumaa alikuwa anapikia nini? Mavi ya ng'ombe, kama mimi?"

Watu waliangua kicheko. Gelasius naye alicheka, lakini chake kilikatika upesi.

Jumatano ya wiki iliyofuata mvua ilinyesha asubuhi, na kabla ya adhuhuri duara likaporomoka. Donatus alikuwa chini. Walifukua kwa majembe na mikono hadi jua likaelemea magharibi. Januari aliita jina la mdogo wake kwenye ule mdomo wa duara muda wote huo, na mwili ulipotolewa, kaka mtu aliendelea kuita. Gelasius alishika kamba ileile hadi viganja vikachubuka. Walimzika Alhamisi, Ansgar, mwenyekiti wa kambi, akiongoza sala kwa kuwa padri alikuwa mbali.

Kila mtu aliona matimba ya lile duara, zile nguzo za kuzuia udongo, yameoza. Ijumaa hakuna aliyeyazungumzia. Ijumaa ilizungumzwa kwamba mayu Mbuke alipita pale asubuhi na kapu lake. Alimsalimu Donatus. Alimtazama.

Jumamosi asubuhi Mwanaima alimvuta Gelasius nyuma ya banda. "Kesho baada ya chakula wana kikao," akasema. "Wanataka kumuuliza yule bibi."

"Kumuuliza nini?"

"Kumuuliza." Mwanaima alimkazia macho, na Gelasius akaelewa ni kuuliza kwa namna gani. "Januari anasema ni kama kwenye picha yako. Akipita asubuhi, jioni mtu hayupo. Ni maneno yako hayo, Padri. Neno kwa neno."

Alikwenda mbio. Alimkuta Mbuke nje ya kibanda anatwanga, akamwamkia huku akihema. "Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. Alizunguka kile kinu mara mbili, akamweleza, akamwambia aondoke sasa hivi, kuna lori la mihogo linalopita barabarani jioni. Mbuke aliendelea kutwanga hadi akamaliza.

"Nimesikia tangu jana," akasema. "Wamekuja kununua michembe, wanaweka pesa chini badala ya kunipa mkononi. Lakini nikikimbia, si ndiyo itasemwa, mchawi amekimbia? Nitafika Mhunze nikute habari imenitangulia. Kule nina wajukuu. Hapa wataniua mimi peke yangu." Aliificha mikono yake kwenye kanga. "Naogopa, Gelasius. Usidhani siogopi."

Usiku wa siku hiyo tuuruke, hakulala, yatosha. Alitembea kutoka kibanda hadi mtoni na kutoka mtoni hadi kibandani, na miguu ile iliyomkimbiza seminarini ilimwambia jambo moja tu: barabara kuu iko kule. Angeweza kwenda. Nani angemtafuta mvuta ndoo? Ulimi hauna mfupa, wanasema, lakini wake ulikuwa umemvunja mtu mifupa kabla fimbo hazijafika.

Jumapili saa nane watu walikuwa wamejaa uwanja wa mbele ya banda, wengine na fimbo, wengine na mapanga waliyodai wametoka nayo shambani, ingawa Igulumo hakuna mwenye shamba. Mbuke alikalishwa kwenye kinu chake, katikati. Ansgar alianza kusema habari ya utaratibu, na hakuna aliyemsikiliza. Januari alisimama mbele kabisa, macho yake mekundu kuliko ya bibi kwa kulia siku nne, na hakuna aliyeliona hilo.

"Mwenyekiti," Gelasius alisema, "kabla hamjamuuliza, nina picha ya kusimulia."

Wakamzomea. "Si leo!" "Tunaujua mwisho wake!"

"Hamuijui. Niliwadanganya."

Akasogea hadi katikati, akasimama baina yao na Mbuke, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake miguu yote miwili ilitulia chini. Hakukimbilia kwenye mwisho. Alianza mwanzoni, kama alivyofanya chini ya pazia la Pyarali, na akaisimulia ilivyo, bila kupunguza. Mvua ya mlimani. Kituo cha treni. Mama anayepanga mishumaa kwa urefu, anamwita paka wake kwa jina la mumewe aliyekufa. Msichana wa kwanza. Msichana wa pili. Watu wanaacha kununua mishumaa. "Wanaweka pesa chini," akasema, "hawampi mkononi." Jambo hilo halikuwamo kwenye picha, nakiri kwa niaba yake. Kuna watu walioangalia ardhi.

Akawaonyesha watu wa mji wakitoka na fimbo. Akawaeleza kwamba si watu wabaya: huyu amefiwa na binti, huyu na dada, wote wamelia siku nne. Alisema hivyo akimtazama Januari. "Na mbele yao kuna mtu ameshika taa. Yeye hakufiwa na yeyote. Anawaonyesha njia, anasema, ni huyu, ni huyu. Wote wana hasira. Yeye ana haraka. Basi ndiye. Ile damu yote ni yake."

"Mwenye duka la dawa," mtu mmoja alisema kwa sauti ndogo.

"Mwenye duka la dawa. Niliwaambia mara ya kwanza, mkapiga miayo. Nikaona aibu. Nikataka mnisikilize kama walivyonisikiliza Shinyanga, nikamtwika bikizee yule uuaji, nikampa macho mekundu. Kwenye picha macho yake yalikuwa ya kijivu! Niliyatazama mara kumi na moja. Macho mekundu niliyatengeneza mimi, hapa, kwenye banda hili, mkinywa chai. Mnataka kumjua aliyeshika taa hapa Igulumo? Ni mimi. Matimba yalikuwa yameoza, kila mmoja wetu aliyaona, mimi niliyaona kila siku nikivuta ndoo, nikanyamaza. Haya, niulizeni mimi kwanza."

Januari akamrukia. Alimpiga fimbo ya bega, akampiga ya mkono, na mkono ukavunjika, watu wa nyuma walisikia. Gelasius hakukimbia. Alianguka kwenye miguu ya Mbuke, na Mbuke, badala ya kupiga kelele, alimwinamia akamfunika kwa kanga yake. Januari aliinua fimbo mara ya tatu. Ilibidi sasa ampige bibi. Alimtazama kwa karibu, yale macho na yale machozi yaliyokuwa yanatoka humo, na fimbo ikabaki juu.

"Mama yangu naye anapikia mavi ya ng'ombe," akasema, kama mtu aliyeulizwa. Akakaa chini kwenye vumbi akamlilia Donatus upya.

Uwanja ukavurugika. Kila mmoja alisema lake, wengine wakawageukia wenye duara kuhusu yale matimba, wengine wakaondoka kimyakimya na mapanga yao ya shambani. Ansgar, aliyekuwa ameipata sauti yake sasa, akatoa uamuzi: Gelasius aondoke Igulumo kabla ya jua kuzama kwa kosa la kuwadanganya watu, na asionekane tena akisimulia. Kuhusu Mbuke hakukuwa na uamuzi wowote. Waliona haya kumfukuza, wakaona haya kumwambia abaki. Mwenyewe alifunga mzigo wake.

Waliondoka pamoja. Mwanaima alimfunga Gelasius mkono kwa vijiti na kitambaa, akawapa maandazi ya njiani. Walikuwa wamekubaliana: lori hadi Geita, kutoka hapo hadi Tinde kwa Generoza, na Mbuke akae huko mpaka wajue upepo wa Mhunze unavumaje. Gelasius alikuwa ameanza kuogopa atakavyomweleza mkewe. Kwa ule mkono mzima alikuwa amebeba kinu cha bibi begani, kwa sababu Mbuke alikataa katakata kukiacha.

Walitembea kwa muda mrefu. Kisha Mbuke akauliza, "Yule mama wa mishumaa. Hukufika mwisho, wakakukatiza. Alipona?"

Gelasius alitazama njia. Kule kwenye picha walimfungia ndani ya ghala la nyasi kavu, na ghala likashika moto. Mara kumi na moja alisimama chini ya lile pazia, akijua kabisa, na mara zote kumi na moja alitumaini kwamba mlango utafunguka. Neno la kumfurahisha bibi lilikuwa tayari kinywani, linateleza.

"Hakupona, mayu," akasema. "Waliungua, yeye na paka wake."

Jua lilikuwa linazama, na kutoka barabarani ulianza kusikika mngurumo wa lori.

"Kumbe palikuwapo mahali pa kubadilisha," Mbuke akasema, "wewe ukabadilisha kwingine."

Gelasius alikiweka kinu vizuri begani, wakaongeza mwendo ili lori lisiwaache.